Namna ya kujua kama dawa inamzuia Kandida asitoe mkia

Candida albicans, yule fangasi, ukimkuta kwenye pleti ya kuoteshea ni kiduara tu kama chembe ya hamira, ila mtie kwenye seramu (yale maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda) yenye joto la nyuzi 37 uone, ndani ya masaa mawili anaanza kutoa kamkia, baadae anakua uzi mrefu wa kupenya kwenye ngozi laini. Kupima kama dawa inamzuia asibadilike hivyo huhitaji mashine ya mamilioni.

Chukua tyubu nne, kila moja nusu mililita ya seramu. Ya kwanza seramu tupu, ya pili tia kile kiyeyushio cha dawa bila dawa yenyewe (hii wengi wanairuka, kumbe wakati mwingine kiyeyushio ndo kimefanya kazi sifa inaenda kwa dawa), mbili zilizobaki weka dawa yenyewe, moja robo na nyingine nusu ya kile kipimo kinachomzuia kukua kabisa. Usipige dozi kubwa, akifa utajuaje kama alishindwa kutoa mkia?

Sasa wadudu, yaani hao Kandida. Tumia koloni (kirundo chao kilichoota kwenye pleti) la jana, gusa kidogo tu na ncha ya pipeti. Mi mara ya kwanza nilichota kama nakata tonge, seramu ikawa uji, masaa matatu hakuna mkia hata kwenye tyubu isiyo na dawa! Wakijazana wanatoa kemikali inaitwa fanesoli, wanazuiana wenyewe kwa wenyewe. Bila ile tyubu tupu ningeisifia dawa bure.

Inkubeta nyuzi 37, masaa mawili hadi matatu, ukichelewa nyuzi zinasokotana kuhesabu inakua shughuli. Weka tone kwenye slaidi, lenzi ya 40, angalia shingoni: mkia wa kweli haujabanwa pale unapotokea, ukiona pamebanwa kama kiuno cha nyigu huo ni uzi bandia, hesabu pembeni. Fanya seli 200 kila tyubu, na mwenzio afiche lebo maana macho yanapenda kuona unachokitaka.

Flukonazoli, dawa ya fangasi, isikuchanganye. Yenyewe inazuia kutengenezwa kwa ergosteroli (mafuta yanayojenga utando wa fangasi) mpya, na mdudu bado ana akiba ya zamani kwenye utando wake, kwa hiyo anaweza kutoa mkia kama kawaida halafu akakwama mbele ya safari, ndo maana weka seti nyingine ilale mpaka kesho upime urefu. Amfoterisini B, dawa nyingine ya fangasi, inang'ang'ania ergosteroli iliyopo tayari, hiyo haisubiri.

Ukimaliza tyubu zote zipitishe kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), usimwage sinki.