Umeshawahi kushuka Ngomo? Basi theluji utaiweza, ila nisikilize kwanza

Nimekuja Bukavu kwa wiki tatu, na kila jioni hapa Nguba, uani kwa mama, hakosi kuwapo mtu aliyekaa na bahasha ya karatasi zake za safari. Wengi wanakwenda Kanada, wachache Uswidi na Ufini. Swali la kwanza huwa kazi, la pili baridi. Juzi mtoto wa kaka yangu, dereva wa Bukavu–Uvira, akaleta la tatu: "Shangazi, huko juu ya barafu gari mnaliendeshaje?" Nikamwambia nusu ya jibu tayari anayo.

Anayeijua Ngomo, ule mteremko wa kuelekea Kamanyola, anajua kwamba gari lenye mzigo halishushwi kwa breki. Unaingiza gia ndogo ukiwa bado juu, unaiacha injini ilishike gari, mguu unaigusa breki kwa adabu. Mvua ikinyesha na matope yakawa kama sabuni, hukati usukani ghafla wala hukanyagi mafuta kwa hasira. Theluji nayo inataka hivyo hivyo.

Tofauti ni kwamba matope unayaona. Barafu mbaya kuliko zote huioni: ni utando mwembamba wa maji yaliyoganda, hauna rangi, na wewe unaona lami tu kana kwamba imelowa. Huanzia madarajani, kwa sababu daraja linapigwa na upepo juu na chini, wakati barabara nyingine imeilalia ardhi yenye joto kidogo. Na usidhani baridi ikizidi ndiyo utelezi unazidi. Hatari kubwa iko karibu na nyuzi sifuri, barafu inapokuwa na unyevu juu yake. Baridi ikipita nyuzi 15 chini ya sifuri kuna jambo jingine: chumvi ya kawaida wanayomwaga barabarani karibu haifanyi kazi tena, kwa hiyo utawaona wanamwaga mchanga na kokoto.

Mimi nilijifunza darajani. Ilikuwa baridi yangu ya kwanza Quebec, huko Kanada, naenda polepole, taa nyekundu mbele, nikagusa breki kama ninavyogusa hapa Bukavu. Gari likageuka taratibu, bila kelele, kama mtu aliyeitwa jina lake, likasimama linatazama nilikotoka. Mungu alisaidia, nyuma hapakuwa na gari.

Likianza kuteleza, toa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda (si ule mti unaouogopa, maana mikono hufuata macho), na upeleke usukani huko taratibu. Kama gari lina ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu yasikwame, kanyaga breki na ushikilie. Pedali itatetemeka chini ya mguu kama imeharibika, haijaharibika, usiiachie. Ile ya kupigapiga breki, tuliyofundishwa na wajomba kwenye malori ya zamani, ni ya gari lisilo na ABS. Kati yako na gari la mbele acha nafasi kubwa mpaka uone haya, kwa sababu juu ya barafu gari linaweza kuhitaji hata mara kumi ya umbali wa kawaida ili lisimame. Na kile kitufe cha kushikilia mwendo wenyewe, kisahau mpaka theluji iishe.

Sasa pesa. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua matairi ya baridi, na yawe manne, si mawili. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7, hata kama theluji haijaanguka, na tairi gumu halishiki barabara. Quebec ni sheria: kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, gari lazima liwe na matairi yenye alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, la sivyo ni faini. Anayeuza gari atakwambia "haya ni ya misimu yote". Wewe tafuta ile alama ubavuni mwa tairi, usitafute maneno. Angalia upepo mara kwa mara pia, maana kila joto linaposhuka nyuzi tano au sita, tairi hupoteza kama psi moja (kile kipimo cha upepo wa tairi) bila kutoboka.

Asubuhi toka nje mapema, tuseme dakika ishirini kabla. Theluji yote iondoke, hata ya juu ya bodi, kwa sababu ukifunga breki inaporomoka yote kwenye kioo cha mbele, au inarushwa kwa anayekufuata. Mimi mwaka ule niliona kukwangua ni kazi ya bure, nikaleta birika la maji ya moto. Nilimwaga kidogo tu. Nikasikia mlio mdogo, ta!, na mstari ukatambaa kutoka kona moja ya kioo hadi nyingine huku nauangalia, birika bado mkononi. Kioo kipya kilinila mshahara wa wiki.

Betri iliyochoka haitavuka Januari. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri nguvu yake inabaki karibu nusu. Maji ya wipa nunua yale yasiyoganda, na uyaweke mbali na watoto, ni sumu. Mafuta yasishuke chini ya nusu tangi. Kwenye buti weka koleo, blanketi, tochi, nyaya za kuamshia betri, mfuko wa mchanga na karanga. Ukikwama kwenye dhoruba, baki ndani ya gari. Kabla ya kuwasha injini, fukua theluji kwenye bomba la moshi. Likiziba, moshi unaingia ndani, na ile gesi yake haina harufu, inaua mtu akiwa usingizini. Washa dakika kumi kwa saa, dirisha likiwa wazi kidogo.

Ukitoka kwa miguu, mambo ni mengine. Koti zito si lazima ulinunue huko kwa bei ya dukani: kwenye mitumba ya Kadutu unaweza kupata koti la theluji kwa bei ya kutupa, maana hapa nani atalivaa? Limetoka huko, linarudi huko. Kagua zipu tu. Chini yake vaa nguo nyembamba ya sufu au nailoni. Pamba ikilowa jasho inakugeuka. Viatu visibane: soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni baridi zaidi kuliko moja, kwa sababu damu haipiti.

Hili wengi hawatuambii. Vitabu vinasema ngozi iliyoganda huwa nyeupe au nyekundu. Kwetu weusi mara nyingi inaonekana ya kijivu, ina mng'ao kama nta, na tafiti kwa wanajeshi wa Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo usingoje rangi. Kidole kikifa ganzi, ingia ndani, kitie kwenye maji ya uvuguvugu, usikisugue. Na kanyanga, ile pombe kali, haipashi mtu joto, inakudanganya ngozini huku joto la ndani linatoka.

Watoto wakikaa kwenye kiti chao cha gari, wavue koti nono kwanza, ufunge mkanda, halafu uwafunike koti kwa juu. Gari likigonga, koti linabonyea na mkanda unabaki umelegea.

Na ziwa. Sisi wa Kivu tukiona ziwa tunataka kulikaribia, na ziwa lililoganda linavutia. Kwa mtu mmoja, Msalaba Mwekundu wa Kanada unataka barafu ya sentimita 15, na ya kikundi 20. Penye mdomo wa mto inabaki nyembamba hata mwezi wa pili. Waulize wenyeji wanaovua samaki kwenye matundu ya barafu. Ukikuta ziwa zima halina mtu hata mmoja juu yake, rudi kwenye gari.