Unautaka ukapteni wa klabu ya roboti? Jipime kabla hujajaza fomu

Kwanza jiulize unataka kuongoza nini hasa, maana wengi wanaomba ukapteni kwa vile wao ndo wakali wa programu, halafu wakishapewa wanashangaa mbona laptopu wanaigusa kwa nadra. Kapteni anahangaika na watu, muda na vifaa. Kama raha yako iko kwenye kuprogramu, omba kuongoza kitengo cha programu, nao ni uongozi kamili wala hujashuka cheo.

Halafu soma kanuni za mashindano mnayoingia, zote, sio kuhadithiwa. Mfano FIRST Tech Challenge, roboti kabla ya mechi kuanza lazima itoshee kwenye boksi la inchi 18 kila upande, na sekunde 30 za mwanzo inajiendesha yenyewe, madereva wanapata dakika 2 baada ya hapo. Mashindano mengine, VEX V5, wao muda wa kujiendesha ni sekunde 15 tu. Usipojua haya timu itahangaika wiki nzima na mkono wa roboti ambao haukunjiki, siku ya ukaguzi mnaanza kutafuta msumeno.

Nenda stoo mwenyewe ukafungue makabati. Utakuta skrubu za M3 na M4 (unene wa milimita 3 na 4) zimechanganywa kopo moja, mota haina lebo na hakuna anayekumbuka kama ni nzima au imeungua, na betri ndo usiseme. Kama mnatumia lithiamu polima ujue seli moja ikijaa ni volti 4.2, ikishuka chini ya 3 inaharibika, na iliyovimba haichajiwi tena hata kama kesho kuna mechi. Sasa uliza nani anachaji, wapi, na nani anabaki kuangalia. Ukijibiwa "yeyote aliyepo" ujue hiyo kazi haina mwenyewe na itakuangukia wewe.

Pitia na daftari la uhandisi la msimu uliopita, lile timu inaloandikia ilivyojenga roboti na kwa nini, majaji wanapenda kuuliza kwa nini mlibadilisha kitu fulani, na kama kurasa zimeandikwa zote usiku mmoja utaona tu, wino mmoja, mwandiko mmoja.

Ongea na waliojitoa klabu, hao watakwambia ukweli kuliko waliobaki. Mara nyingi utasikia mtu kaja msimu mzima na hajawahi kushika bisibisi, kazi yake kukata mabango, na wasichana ndo wanasukumiwa huko zaidi, mi hilo naliona tatizo kubwa kuliko hata bajeti.

Linganisha ratiba ya mitihani yako na ya mashindano, mwambie na mwalimu mlezi mapema.

Kwenye fomu andika vitu viwili vinavyoonekana, mfano kila betri ipate namba na kila mwanachama mpya afunge mota kwa mkono wake kabla ya mechi ya kwanza. Ahadi za kombe waachie wapinzani wako.