SOMO: Kupata uzito sahihi wa kontena la kahawa kabla halijaenda bandarini

Tangu Julai 1, 2016, kontena lililojazwa halipakiwi melini bila uzito uliothibitishwa, yaani VGM. Anayewajibika ni mwenye mzigo aliyeandikwa kwenye hati za meli, hata kama karatasi zote anajaziwa na wakala. Njia ni mbili: kupima kontena zima likishafungwa, au kupima kila kinachoingia ndani na kujumlisha uzito wa kontena tupu. Kukisia hakukubaliki.

Anza na mzani. Angalia stika ya Wakala wa Vipimo kama bado iko ndani ya muda. Weka jiwe la mizani la kilo 20 katikati ya sahani, kisha kila pembe. Pembe moja ikisoma tofauti, mzani haujakaa sawa. Rekebisha miguu kabla ya gunia la kwanza.

Pima magunia yakiwa yameshashonwa. "Kilo 60" ni kahawa peke yake, gunia halimo. Ukipima juu ya paleti, pima kila paleti tupu kivyake, maana mbao iliyonyeshewa huzidi kavu kwa kilo kadhaa.

Jumlisha. Mfano, kontena la futi 20:
Kahawa, magunia 320 × kilo 60 = 19,200
Magunia matupu, 320 × kilo 0.9 = 288
Karatasi za kutandika na vifyonza unyevu = 30
Kontena tupu (soma TARE mlangoni) = 2,230
VGM = kilo 21,748

Aliyesahau magunia na karatasi amekosa kilo 318.

Ukitumia mzani wa magari, pima lori na trela bila kontena, kisha likiwa na kontena lililojaa, mzani uleule; tofauti ndiyo VGM. Hapa wengi huharibu: dereva anajaza mafuta katikati ya vipimo viwili. Lita 400 za dizeli ni takribani kilo 335, na zote zinaingia kwenye hesabu ya kahawa yako. Dereva na utingo wawemo mara zote mbili au washuke mara zote mbili. Matairi yote yawe juu ya sahani, lori limesimama kabisa. Tunza risiti zote mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, naweza kupima magunia kumi tu nikazidisha?*
Hapana, kama mmejaza kwa mkono. Tofauti ya nusu kilo kwa gunia ni kilo 160 kwenye magunia 320.

*Jumla yangu haizidi, mbona mizani ya barabarani wamenizuia?*
Wanapima kila kundi la ekseli (mihimili ya magurudumu) pia. Kwa lori la ekseli sita Afrika Mashariki: tani 8 mbele, 18 ekseli mbili za kichwa, 24 ekseli tatu za trela, jumla 50. Kontena la futi 20 likikaa mbele mno kwenye trela ndefu, ekseli za kichwa zinazidi wakati za nyuma zina nafasi. Lisogezwe nyuma, lipimwe tena.

*Na sampuli za ndege? Katoni yangu ina kilo 12, nimetozwa 20.*
Ndugu, wametumia ujazo. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Katoni ya 60 × 50 × 40 inatoa 20, na wanachukua kilicho kikubwa. Tafuta katoni inayobana sampuli vizuri.