Kusoma kesi ya meli ya karne ya 17 ukiwa Moshi

Nilikuwa karani wa mahakama hapa Moshi, na siku hizi nasoma picha za kumbukumbu za Mahakama Kuu ya Bahari ya Uingereza. Anza na ushahidi, usianze na hati ya madai. Ushahidi umo kwenye kundi la hati liitwalo HCA 13 (HCA ni kifupi cha jina la mahakama hiyo kwa Kiingereza), limehifadhiwa Kew, London, na kwa kawaida ni Kiingereza. Hati za madai nyingi ni Kilatini, zitakukatisha tamaa bure.

Angalia kwanza shahidi ni nani: jina, anakoishi, kazi, umri. Kisha hesabu wenye meli. Mara nyingi meli iligawanywa hisa 8, 16, hata 32, kama Fuso la ndizi walilonunua ndugu watatu, mmoja akafariki, mjane anadai sehemu yake. Mimi hupanga maharage 16 mezani, kila mwenye hisa namwekea yake. Yakibaki mawili hayana mwenyewe, narudi kwenye ushahidi.

Kwenye kesi za ngawira, yaani meli au mzigo uliotekwa vitani, swali kuu ni hili: mzigo ni wa raia wa nchi gani? Katika vita na Waholanzi vya 1652 hadi 1654, mali ya adui iliweza kutaifishwa. Kwa hiyo tafuta hati ya shehena, na alama ya mfanyabiashara iliyochorwa kwenye pipa au robota. Alama hiyo inakili kwa mkono, hata ukichelewa kulala.

Tarehe nazo: mwaka wa Waingereza wa wakati huo ulianza 25 Machi. "Februari 1652" kwetu ni 1653. Hilo lilinipotezea wiki nzima.