Kibali cha Kujenga Baraza la Mbao Nyumbani Minnesota: Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unawahusu wenye nyumba wanaotaka kuongeza baraza la mbao nyuma ya nyumba zao katika jimbo la Minnesota, hasa maeneo ya Minneapolis na St. Paul, ambako wazungumzaji wengi wa Kiswahili, wakiwemo Wakenya wa Brooklyn Park, wamekwisha kununua nyumba. Ninaandika nikiwa seremala ambaye hujenga mabaraza ya namna hii kila majira ya joto. Kwa jinsi ninavyoona, maombi mengi hayakwami kwa sababu ya fomu wala ada, bali kwa sababu mchoro haujibu maswali mawili: nguzo zimekwenda chini kiasi gani, na baraza limefungwaje kwenye nyumba.

Hatua ya 1: Hakikisha kama kibali kinahitajika

Kanuni za ujenzi za Minnesota hazidai kibali kwa baraza lisilozidi inchi 30 kutoka usawa wa ardhi inayolizunguka, ambalo halikushikamana na jengo lenye msingi uliozama chini ya udongo unaoganda majira ya baridi, na ambalo si sehemu ya njia maalumu ya watu wenye ulemavu. Masharti hayo sharti yatimie yote kwa pamoja. Baraza la inchi 12 tu, likishafungwa kwenye ukuta wa nyumba, linahitaji kibali. Hata lile lililosamehewa bado linabanwa na sheria za mipango miji za manispaa yako, kwa hiyo piga simu idara ya majengo kabla ya kununua ubao wa kwanza.

Hatua ya 2: Andaa mchoro wa kiwanja

Onyesha mipaka ya kiwanja, nyumba, baraza, na umbali kati ya baraza na kila mpaka. Onyesha pia ukanda uliotengwa kwa mifereji na huduma za umma, kwa kuwa kujenga juu yake huwa kunakataliwa. Uzio wa jirani si ushahidi wa mpaka. Ikiwa mtaa wenu una chama cha wamiliki wa nyumba, idhini yao ni jambo la kando, na manispaa haitakuombea.

Hatua ya 3: Andaa michoro ya ujenzi

Hapa ndipo penye kazi. Mchoro wa kutoka juu uonyeshe vipimo vya mihimili, boriti zinazobeba sakafu na nafasi kati yake, pamoja na mahali pa kila nguzo. Mchoro wa upande uonyeshe urefu kutoka chini hadi juu.

Msingi wa nguzo katika eneo la Minneapolis na St. Paul unapaswa kufika kina cha inchi 42, na katika kaunti za kaskazini mwa jimbo inchi 60. Sababu yake ni kwamba maji yaliyomo ardhini hutanuka yanapoganda, yakainua zege lililo juu yake, kisha udongo ukiyeyuka nguzo hushuka, wala si lazima ishuke pale pale ilipokuwa. Sisi tuliozoea kumwaga saruji ya baraza juu ya kifusi kilichoshindiliwa huona kina hicho ni kupita kiasi, lakini mkaguzi hatapunguza hata inchi moja.

Ubao unaofungwa ukutani kubeba ncha za boriti uelezwe kwa kina: utafungwa kwa bolti au skrubu nene za kubeba mzigo, za ukubwa gani, na kwa nafasi zipi. Misumari peke yake haikubaliki, kwa sababu huchomoka taratibu mzigo unapovuta baraza kutoka ukutani. Onyesha pia bati la kuzuia maji yasipenye nyuma ya ubao huo, maana kuoza kwa mbao za ukuta hakuonekani kwa nje. Ikiwa ukuta wako umevikwa matofali ya urembo, usifunge baraza juu yake. Chora baraza linalojitegemea kwa nguzo zake lenyewe.

Baraza linalozidi inchi 30 kutoka ardhini liwe na ukingo wa kimo cha inchi 36 au zaidi, wenye nafasi ambazo mpira wa kipenyo cha inchi 4 hauwezi kupita. Kila kidato cha ngazi kisizidi inchi 7¾ kwa urefu.

Hatua ya 4: Wasilisha maombi

Ada hukadiriwa kwa thamani ya kazi. Ukianza kujenga kabla ya kibali, unaweza kutozwa ada ya uchunguzi inayofikia kiasi cha ada ya kibali chenyewe. Fundi anayekuomba uchukue kibali kwa jina lako, ilhali kazi ni yake, mtilie shaka: huenda hana leseni, na mambo yakiharibika utakuwa umejinyima haki ya kudai katika mfuko wa jimbo wa kuwafidia wenye nyumba walioharibiwa kazi na mafundi.

Hatua ya 5: Piga 811 kabla ya kuchimba

Huduma hii ya kuonyesha mabomba na nyaya zilizofukiwa ni ya bure. Wataalamu watakuja kupaka rangi nyasi: nyekundu kwa umeme, njano kwa gesi, bluu kwa maji ya kunywa, kijani kwa maji taka, rangi ya chungwa kwa mawasiliano. Mabomba yako binafsi, kama ya kumwagilia bustani, hayatawekwa alama.

Hatua ya 6: Ita mkaguzi kwa wakati wake

Ukaguzi wa kwanza hufanywa mashimo yakiwa wazi. Mkaguzi hushusha futi ya kupimia hadi chini na kuangalia kama pana udongo uliolegea au maji. Akivikuta, shimo limekataliwa hata kama kina kimetimia, kwa hiyo lisafishe asubuhi ile ile na usiagize zege kabla hajaondoka. Baraza la chini huhitaji ukaguzi wa fremu kabla ya kupigiliwa sakafu, kwa kuwa baadaye hakuna awezaye kuingia chini yake. Ukaguzi wa mwisho ndio unaofunga faili. Kazi isipoanza ndani ya siku 180, au ikisimama kwa muda huo, kibali hufa na maombi huanza upya.