Ukikosa usingizi, toka kitandani

Mtu akinilalamikia kwamba halali usiku, humuuliza kwanza anaamka saa ngapi. Wengi hushangaa. Walitegemea niulize wanapanda kitandani saa ngapi, au wana mawazo gani. Hayo tutayafikia. Ila saa ya kuamka ndiyo pekee uliyo na mamlaka nayo: huwezi kujiamuru usinzie saa 4 usiku, lakini kuweka miguu sakafuni saa 12 asubuhi unaweza, hata kama umenuna.

Mimi ni muuguzi, na miaka yangu mingi kazini nimeimalizia kwenye zamu za usiku. Nimewaona wagonjwa wakihesabu boriti mpaka kunakucha. Baadaye umri wa kukoma hedhi ukanifikia, nikawa mmoja wao: saa 8 usiku niko macho, shingo imelowa jasho, shuka limeninata mgongoni, na sipati hata lepe la usingizi. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia watu, na ndiyo ninayofanya mwenyewe. Sikuyabuni. Ni sehemu ya tiba ya kisaikolojia ya kubadili mazoea na mawazo kuhusu usingizi, ambayo mwaka 2016 American College of Physicians, jumuiya kubwa ya madaktari wa Marekani, ilishauri itangulie vidonge kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu.

Sugu maana yake nini? Angalau usiku 3 kwa wiki, kwa muda wa miezi 3 au zaidi, mchana unaharibika, na nafasi ya kulala unayo. Aliyekesha kwa msiba au kwa mtoto mwenye homa hana ugonjwa. Wala anayelala masaa 6 akaamka mwepesi hana ugonjwa, hata kama mwenzake anakoroma masaa 9. Aache kujilinganisha.

Sasa kiini cha mambo. Mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Spielman alieleza miaka ya 1980 kwamba kinachoanzisha kukosa usingizi mara nyingi sicho kinachoendeleza tatizo hilo. Deni limelipwa, kidonda kimepona, ugomvi umesuluhishwa, na bado unakesha. Kwa nini? Kwa sababu ya yale uliyoanza kuyafanya ili kuusaidia usingizi: unapanda kitandani saa 2 usiku "ili nijaribu bahati", asubuhi unajibanza hadi saa 3 kufidia, mchana unajilaza. Kila mojawapo linaonekana la busara. Yakiungana, mwili unapoteza njaa ya usingizi, na kitanda kinageuka mahali pa kugaagaa.

Nimesema njaa makusudi. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni saa hadi saa, na ndiyo inayokufanya uzidiwe na usingizi usiku. Ukilala masaa 2 alasiri umeshaipunguza. Kafeini ya kahawa, chai na soda nyeusi haiondoi adenosini, huziba tu mahali inapopaswa kushika, na baada ya kama masaa 5 nusu yake bado iko mwilini, kwa watu wengine hata zaidi. Kikombe cha saa 11 jioni, basi, saa 4 usiku kingali kazini. Mimi kahawa yangu inaishia kabla ya adhuhuri, na hapo sijadiliani na mtu.

Kwa hiyo chagua saa moja ya kuamka, na iwe hiyohiyo kila siku, hata siku za mapumziko na hata usiku ulipokuwa mbaya. Ukishaamka tafuta mwanga wa nje, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaorekebisha saa ya mwili. Ikibidi ulale mchana, iwe chini ya dakika 30 na mapema. Anayeendesha gari huku anasinzia haingii katika sharti hili: asimamishe gari alale.

Jambo la pili ndilo watu hulikataa. Ukiwa macho kitandani kwa kama dakika 20, ondoka. Mwanasaikolojia Richard Bootzin alilifundisha hili mwaka 1972, na bado ni miongoni mwa nguzo za tiba yenyewe. Kitanda kiwe cha kulala na cha tendo la ndoa. Kula, simu, hesabu za matumizi na mabishano yahamie kwingine. Ubongo hujifunza kwa kurudiarudia, na ukikesha kitandani kila usiku unajifunza kwamba godoro ni mahali pa kuwa macho. Ndiyo maana mtu anasinzia vizuri tu kwenye kiti sebuleni, kisha akigusa mto macho yanafunguka pima.

Namna ninavyofanya ni hii. Kabla ya kulala natayarisha kiti kwenye chumba kingine: shali juu yake, taa ndogo niliyoielekeza ukutani, na kapu la soksi zilizofuliwa. Usiku nikiamka na usingizi ukaniruka, sitazami saa. Saa ya chumbani kwangu imegeuziwa ukuta, na simu inalala jikoni. Utaniuliza, nitajuaje dakika 20 zimepita? Kadiria. Ukianza kukasirika, muda umeshafika. Naenda kwenye kiti, napanga soksi jozi kwa jozi, taratibu, bila redio. Kazi iwe ya mikono, isiyo na mwisho unaousubiri kwa hamu. Kitabu cha kusisimua hakifai, wala kusafisha jiko, maana utajikuta saa 10 alfajiri unasugua sufuria kwa bidii. Narudi kitandani pale tu kope zinapokuwa nzito na soksi ya kijani nimeiunganisha na ya bluu. Uchovu peke yake hautoshi. Mtu anaweza kuwa hoi mwili mzima na asiwe na usingizi hata kidogo. Subiri kichwa kidondoke. Na ukirudi usingizi ukakuruka tena, inuka tena. Usiku wa mwanzo utainuka sana, na utanisema vibaya.

Tatu, punguza muda wa kuwa kitandani. Hili linatisha, nalieleza kwa mfano. Tuseme unapanda saa 3 usiku na kushuka saa 12 asubuhi, yaani masaa 9, lakini ukijumlisha unalala 6 tu. Masaa 3 ni ya kugaagaa. Basi kwa sasa kitanda kikuone masaa 6: panda saa 6 usiku, shuka saa 12 asubuhi. Usingizi utabanana, utakuwa mzito zaidi. Wiki ikiisha na ukaona unalala kama asilimia 85 ya muda huo, yaani takriban masaa 5 na dakika 6, ongeza dakika 15 upande wa kupanda. Wiki inayofuata vivyo hivyo, mpaka ufike kiwango kinachokutosha mchana. Usishuke kamwe chini ya masaa 5 kitandani. Wiki ya kwanza utasinzia mchana, kwa hiyo usiianze kama unaendesha magari au mitambo. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, na anayekoroma akakabwa pumzi usingizini, wasijaribu bila daktari.

Mawazo sasa. Yape miadi ya mapema jioni: kaa mezani na karatasi, andika kinachokusumbua, na mbele yake hatua moja ya kesho. "Ada ya shule: nimpigie mhasibu asubuhi." Basi. Yakikujia usiku, karatasi inayo. Na usijilazimishe kulala, maana kadiri unavyoukimbiza usingizi ndivyo unavyoamka. Kuna watu wanaosaidiwa na kinyume chake, kukaa gizani macho wazi na kujaribu, kwa upole, wasilale. Inachekesha lakini jaribu.

Pombe huleta usingizi haraka kisha huukatakata nusu ya pili ya usiku. Kuoga maji ya uvuguvugu muda wa saa 1 hadi 2 kabla ya kulala husaidia, kwa kuwa baada ya kuoga mwili hupoa, na kupoa huko ni ishara ya kulala. Miti-shamba, muziki, mafuta ya kunukia: ukipenda tumia, ila usitegemee makubwa.

Kwa wanawake wa rika langu: joto la ghafla usiku lishughulikie kama joto. Vaa pamba nyepesi, tandika shuka mbili nyembamba badala ya blanketi zito moja, na weka taulo na nguo kavu karibu na mto, usije kuwasha taa kubwa na kufungua kabati. Badili, jifute, lala. Ikizidi, ipo tiba hospitalini. Huna wajibu wa kuvumilia eti kwa sababu ni umri.

Kuna ya kumwona daktari mapema bila kujaribu soksi. Mwenzako anasema unakoroma na pumzi inasimama. Miguu inakuwashawasha ndani kwa ndani jioni na hutulii mpaka uisogeze, hali ambayo mara nyingine huenda na upungufu wa madini ya chuma. Unaamka alfajiri sana, moyo mzito, hakuna kinachokupa raha. Una mawazo ya kujidhuru: huyu aende leo. Uliza pia kuhusu dawa unazomeza. Vidonge vya kukojosha vya shinikizo la damu vikimezwa jioni vitakuamsha chooni, na prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, ikimezwa usiku hukodoa macho. Huenda daktari akazihamishia asubuhi. Na kama umekuwa ukitumia vidonge vya usingizi vya kundi la diazepam kwa muda, usiviache ghafla. Hupunguzwa kidogokidogo chini ya usimamizi, vinginevyo usingizi hutoroka zaidi na mtu anaweza hata kupata degedege.

Ukienda, nenda na daftari la wiki 2. Safu zake: saa uliyopanda, ulichukua muda gani kusinzia, uliamka mara ngapi, saa uliyoshuka, kahawa, pombe, dawa, na usingizi wa mchana. Lijaze asubuhi baada ya kunawa uso, kwa makadirio. Usiliweke karibu na kitanda, na usiwashe taa usiku kwenda kuandika humo.