Jinsi ya Kukagua kwa Uhuru Eneo la Kuhifadhi Hewa Ukaa Chini ya Bahari

Kampuni inayotaka kufukia hewa ukaa chini ya bahari huja na ripoti nene, ramani za rangi na tarakimu moja kubwa ya tani. Mkaguzi huru anapaswa kuwa na tarakimu yake mwenyewe kabla ya kuisoma ya kwao. Ukianza na ya kwao, kila kitu utakachopima baadaye kitavutwa kuielekea. Mifano yangu ni ya Bahari za Kaskazini mwa Ulaya, kwa kuwa data zake nyingi ziko wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza.

Hatua ya 1: Tafuta data ghafi

Norwe na Uingereza huweka taarifa za visima vyao hadharani. Data za Sleipner, mradi wa Norwe wa kufukia hewa ukaa, zinapatikana, na mwaka 2020 Equinor, kampuni ya mafuta ya Norwe, ilitoa za kisima 31/5-7, kilichochimbwa kwa ajili ya Northern Lights, mradi mwingine wa namna hiyo. Chukua vipimo vya kisimani, sampuli za mwamba, vipimo vya shinikizo na data za mitetemo (mwangwi wa mitetemo unaochora matabaka ya chini). Ramani zilizokwisha kutafsiriwa ziache kwanza.

Hatua ya 2: Kagua kina na joto

Ikivuka nyuzi 31 za Selsiasi na shinikizo la megapaskali 7.4, hewa ukaa hubanana ikawa nzito karibu kama kimiminika. Kwa kawaida hali hiyo hupatikana chini ya mita 800. Karibu na mpaka huo, tofauti ya nyuzi chache tu hubadilisha uzito sana, kwa hiyo usikubali joto la kukadiria pale ambapo lingeweza kupimwa.

Hatua ya 3: Piga hesabu mbili

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Hesabu ya kwanza ni ya nafasi. Tuseme eneo lina kilomita za mraba 100, unene wa mita 100, mchanga safi asilimia 80 na vinyweleo (matundu madogo ndani ya mwamba) asilimia 25. Unapata meta za ujazo bilioni 2. Hewa haiwezi kuyasukuma maji yote ya chumvi yaliyomo. Chukua asilimia 2 tu. Kwa uzito wa kilo 650 kwa kila meta ya ujazo, zinakuja tani milioni 26.

Hesabu ya pili ni ya shinikizo, na hii ndiyo inayorukwa. Chukulia eneo limezibwa pande zote na maji hayana pa kwenda. Nafasi itatokana tu na maji kubanwa na vinyweleo kutanuka, takriban sehemu 1 kwa 1,000 kwa kila megapaskali. Kama unaweza kupandisha megapaskali 4 kabla ya kuhatarisha mwamba wa juu, ule unaoziba hewa isitoroke, unapata meta za ujazo milioni 8, yaani tani milioni 5.2. Mwamba uleule, moja ya tano ya mzigo.

Ukweli uko kati ya hizo mbili, na ni lazima uutafute. Angalia visima vya jirani: uchimbaji wa mafuta au gesi ukiwa umeshusha shinikizo hadi kwenye eneo lako, maji yanapita. Shinikizo likiwa halijaguswa licha ya uchimbaji wa miaka mingi, huenda kuna kizuizi. Katika mradi wa Snøhvit, nchini Norwe, walianza kuingiza hewa mwaka 2008 katika mwamba wa Tubåen. Shinikizo likapanda kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka 2011 wakahamia mwamba wa Stø. Nafasi ilikuwepo. Njia ya maji ndiyo iliyokuwa finyu.

Hatua ya 4: Mwamba wa juu na nyufa

Sleipner, iliyoanza mwaka 1996, inatufundisha kutoamini tabaka jembamba. Picha za mitetemo za 1999 zilionyesha hewa imeshapenya matabaka membamba ya tope ndani ya mchanga wa Utsira, tabaka inamofukiwa, na kufika juu. Mwamba mnene ulio juu yake ndio unaoishikilia. Fuatilia kila ufa mkubwa hadi unapoishia, ukichunguza kama unakata mwamba huo.

Hatua ya 5: Visima vya zamani

Soma ripoti ya kufungwa kwa kila kisima, hasa mchoro wa mwisho. Plagi (kizibo) ya saruji inaanzia na kuishia mita ngapi? Inakabiliana na mwamba wa juu, au iko juu zaidi ambapo haizuii kitu? Ilijaribiwa kwa shinikizo, au imeandikwa tu kwamba iliwekwa? Mchoro usipokuwepo, kihesabu kisima hicho kuwa wazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa maoni yangu, kisima kimoja cha namna hiyo katikati ya eneo kinatosha kusimamisha idhini.

Hatua ya 6: Linganisha na uulize

Sasa fungua ripoti ya kampuni. Penye tofauti, uliza kwa maandishi ukitaja kisima na kina. Jibu la "modeli yetu inaonyesha" lisiloambatana na faili la modeli lenyewe usilipokee kama ushahidi.